Amplifaya ya Kusikilizia Kaseti ya Marehemu

Majina ninayo. Mtu yeyote aliyezaliwa upande wetu huu wa Heru Juu tangu nilipoanza kuelewa mambo, nitakutajia jina lake, na la mama yake, na la ukoo alikotoka mama yake. Ofisi ya kata wakikwama na kesi za urithi hunitumia mtu. Shule niliishia darasa la tatu, na nadhani ndiyo sababu. Asiyezoea kuandika hana pa kuweka isipokuwa kichwani. Humu sitataja jina la yeyote. Wengi ni marehemu, na sijawaomba ruhusa.

Jina moja tu ndilo sikuwa nalo, nalo ni la mtoto wangu.

Alikuwa wa kwanza, wa kiume. Aliishi siku tano. Kwetu enzi zile mtoto hakupewa jina mpaka kitovu kidondoke. Siku hiyo mama alisimama naye mlangoni, akamwita kwa jina lake mara tatu, na waliokuwa nje wakasikia. Aliyekufa kabla ya hapo alihesabiwa kama mgeni ambaye hakufika. Wanawake wakubwa walimchukua wangu, mama mkwe akiwa mbele, wakaenda kumlaza wanakokujua wao. Mama haonyeshwi mahali. Haulizi, maana ukiuliza wanasema unamwita, na ukimwita hatamwachia mwingine nafasi. Nikanyamaza. Nikazaa wengine wanne, wakakua, na mtu akiniuliza nina watoto wangapi nilisema wanne.

Mwaka huu jumuiya yetu ikakubaliana kila nyumba iandike marehemu wake wote kwenye karatasi, wasomwe kanisani mwezi wa kumi na moja. Wote, akasema mwenyekiti, hata wachanga. Nikamuuliza, "Na mchanga asiye na jina?"

Akaangalia ile karatasi, akaniangalia. "Sasa bibi, mstari mtupu nitausomaje?"

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Nami nikacheka. Lakini nilitoka pale na karatasi yangu nimeikunja ndani ya kitenge, na njia nzima nilikuwa nawaza kaseti ya mzee wangu.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alipoanza kuishiwa na macho, alijifungia chumbani siku moja na redio yetu ya kaseti akajirekodi akisoma marehemu wa ukoo wake, mmoja mmoja, akimwachia kila mmoja nafasi ili sisi tunaosikiliza tujibu "apumzike kwa amani." Kila mwezi wa marehemu tuliipiga. Naye mwenyewe alipofariki, tukaendelea kuipiga. Ndiyo sala yetu, tunamjibu mtu aliyekufa anayetuombea wenziwe.

Katika kaseti hiyo pana mahali. Akishamtaja mdogo wake aliyezama mtoni, kabla hajamtaja mama yake, sauti inapotea. Haikatiki. Inashuka, inakuwa kama mtu anaongea chumba cha pili, halafu inarudi. Alipokuwa hai, tukifika hapo alikuwa anakohoa, au anainuka anatoka nje kuangalia mvua hata kama hakuna wingu. Miaka yote nilidhani ameshusha sauti mwenyewe kwa kuona aibu. Nilidhani hapo ndipo alipomtaja mtoto wetu. Maana baba ndiye hutoa jina, na labda alikuwa nalo moyoni tangu mwanzo akakosa wa kumpa.

Spika ya redio ile ilishachanika. Inakwaruza sauti kubwa, sauti ndogo inaimeza. Nikiikaribia sana, sikio kwenye wavu, nasikia tu pumzi ya redio yenyewe.

Binti yangu wa mwisho anakaa Kitahana, Kibondo, ameolewa huko, na ana biashara ya nguo. Alipokuja kunisaidia kuvuna maharage nilimweleza. Hakunicheka. Alisema, "Mama, redio bado inasoma kaseti vizuri. Kinachokosekana ni mdomo. Tuitafutie amplifaya na spika, tuchomeke kwenye tundu la hedifoni." Akaniambia Kibondo alishaona moja kwenye baa, kubwa kama sanduku la mahari, na ikiwashwa glasi zinatembea mezani. "Si ya nyumbani," akasema. "Twende Kasulu."

Tukapanda bodaboda mbili, yeye na redio mapajani, mimi na kaseti kifuani.

Mwenye duka tuliyemwendea, baba yake alitoka Tanga, yeye kazaliwa hapahapa Kasulu, lakini Kiswahili chake kinateleza kuliko chetu. Duka limejaa maboksi mpaka darini.

"Shikamoo bibi. Karibu sana. Leo tunafungua disko Heru Juu?"

"Marahaba. Disko la watu waliokufa."

Akacheka, akamtazama binti yangu ili wacheke wote. Binti akasema, "Usicheke kaka. Ndivyo ilivyo."

Nikamwambia ninachotaka. Sina haja na muziki. Nataka kusikia maneno ya mtu mmoja anayeongea taratibu, ndani ya chumba kidogo, na umeme wangu ni wa sola.

Kwanza akaniwekea sabufa, lenye taa zinazocheza. Akachomeka waya kwenye redio yetu, akabonyeza. Sauti ya mzee wangu ikatokea chini ya meza, nzito, imeziba, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa na udongo. Mteja aliyekuwa ananunua balbu akageuka. Mimi nikajikuta nimerudi nyuma hatua mbili.

"Hapana," nikasema. "Hili linamzika mara ya pili."

"Bibi, besi ndiyo watu wanaitaka."

"Mume wangu hakuwa na besi. Alikuwa na sauti nyembamba, alikuwa anataniwa nayo."

Akateremsha lingine, pana, lina vishale viwili vinavyoruka na namba kubwa za wati kwenye boksi. Nikamuuliza zile namba zina maana gani. Akakuna ndevu. "Nikwambie ukweli kama mama yangu? Boksi linaandika chochote. Hili ni la ukumbi. Kwa chumba chako utalifungua kidogo mno, na likifunguliwa kidogo halina raha. Tena linataka umeme wa ukutani."

Binti akasema tutanunua inveta. Mwenye duka akatikisa kichwa. "Inveta ya bei ndogo nayo ina sauti yake. Utasikia mlio ndani ya spika, zzz, juu ya sauti ya mzee. Utadhani ana nyuki mdomoni."

Hapo nikampenda, maana mtu wa duka anayekukataza kununua si wa kila siku.

Ndipo akatoa kidude cha bati jeupe, kama nusu ya mche wa sabuni, kizito kuliko kinavyoonekana. Kitasa kimoja kikubwa cha kuzungushia sauti, viwili vidogo vya besi na ukali. Kinakunywa volti kumi na mbili, kinakwenda moja kwa moja kwenye betri ya sola bila kitu katikati. Nyuma matundu ya spika. "Kina bluutuu pia," akasema.

"Huyo simjui."

"Humhitaji." Akakiunga na spika mbili za mbao za mtumba, kila moja kama debe dogo. "Ila nakutahadharisha, bibi. Hiki hakipambi. Kaseti ikiwa mbaya, utasikia ubaya wote."

"Sitaki cha kupamba. Nataka kitoe kilichomo."

Akageuza kitasa. Kwanza ulikuja mchirizo, kama mvua ndogo kwenye majani ya mgomba. Halafu mzee wangu akameza mate. Sikuwahi kumsikia anameza mate tangu alipofariki. Kiti chake kikalia. Nje ya chumba chake kuku akaita, na nikamjua yule kuku, alikuwa na kilema cha mguu. Halafu mzee akaanza majina, kwa sauti yake nyembamba, katikati ya duka, kati ya mimi na boksi la pasi za umeme. Nilifunika macho na kitenge ili nisione kwamba hayupo.

Tukafika pale. Mdogo wake aliyezama. Nafasi ya kujibu. Kisha ikasikika tiki, kama kucha imegonga meza, na kuku akakatika, na kiti kikakatika, chumba chote cha mzee kikaondoka. Pakaja pengine. Mahali palipo wazi zaidi, pana upepo. Na kwa mbali akaongea mwanamke.

Mwenye duka akaweka kidole kwenye kitasa bila kugeuza. "Huyo nani?"

Sikuwa na haja ya kusikia maneno. Mama mkwe wangu alikuwa na tabia ya kuvuta neno la mwisho kama anayevuta kamba kisimani, na hiyo ndiyo niliyoisikia. Nje pikipiki ilikuwa inaunguruma, na mhubiri wa sokoni alikuwa na kipaza sauti chake, kwa hiyo maneno yenyewe sikuyapata. Ila alikuwa yeye. Na mama mkwe wangu yumo ndani ya orodha. Mzee alipokaa chumbani kurekodi ile kaseti, mama yake alikuwa ameshalala kaburini miaka mingi.

"Zima," nikasema.

Akazima. Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mwenye duka akaitoa kaseti, akaigeuza mwangani, pole pole, kama mtu anayeangalia yai. Akanionyesha mgongo wake. Kuna pahali pawili ambapo kaseti mpya huwa na vijino vya plastiki. "Vijino hivi vikivunjwa, redio inakataa kurekodi juu yake. Mtu mmoja alivivunja ili hii isifutwe kamwe. Halafu angalia." Katika yale mashimo mlikuwa na karatasi, imekunjwa ikashindiliwa na kukandikwa gundi. "Baadaye mtu akaziba, ili afute. Huko chini kulikuwa na kitu kingine, bibi. Huyu mama ndiye alikuwa wa kwanza humu."

"Basi imebaki kwa bahati mbaya," binti akasema.

Mwenye duka akafikiri. "Sidhani. Amesimamisha kurekodi, ameiacha kaseti itembee, kisha akabonyeza tena. Mwenye kazi hii alijua anafuta nini na anaacha nini." Akanirudishia kaseti kwa mikono miwili. Alipunguza bei bila kuombwa, na nilivyomwona alitaka tu tuondoke navyo.

Njiani nilikuwa nimeshakumbuka. Mzee wangu aliwahi kufanya kazi ya barabara Kibondo, watoto wakiwa wadogo. Siku hizo asiyejua kuandika aliazima redio akaongea barua yake kwenye kaseti, ikabebwa na mtu wa basi. Mama mkwe alimtumia mwanawe moja. Mimi sikuwepo siku anairekodi, nilikuwa Muyama kwenye msiba wa kwetu, majuma mawili. Niliporudi nikaambiwa tu kwamba barua imekwenda na watoto wamemsalimia baba yao. Barua yenyewe sikuisikia. Mzee aliporudi nilimuuliza, akasema kaseti iliharibika.

Ilikuwa saa tisa tulipofika nyumbani. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kwetu unaoingia mpaka chini ya mapaa, na huoni mihogo iliyo hatua kumi kutoka mlangoni. Binti akaunga waya mwekundu na mweusi kwenye betri, taa ndogo ya buluu ikawaka. Spika akaziweka juu ya viti viwili vilivyotazamana na mimi, kama wageni. Hakukuwa na pikipiki wala mhubiri. Hata mbuzi walikuwa kimya.

Nilimwambia akae, akasema hapana, yeye atachambua maharage. Akachukua ungo akaenda kukaa kizingitini, mgongo wake kwetu.

Nikaipeleka kaseti mbele mpaka kwa yule aliyezama. Nikageuza kitasa mpaka katikati.

Tiki. Upepo. Mama mkwe akaongea, na safari hii alikuwa chumbani.

Alisema kwa Kiha, lugha yetu, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Watoto wako hawa wapo, wamekula, hawaumwi. Wamesimama hapa wakusalimu. Tunaanza na mkubwa." Kisha akaita jina. Akavuta lile neno la mwisho. "Haya, msalimu baba yako."

Mkubwa wangu ninamjua jina lake, nilimzaa baada ya yule wa siku tano, na yuko Mwanza mpaka leo. Halikuwa jina lake. Halikuwa la yeyote katika wanne wangu, wala la mtoto wa shemeji, wala la jirani yeyote wa miaka ile, nami nawajua wote, nyumba kwa nyumba mpaka kisimani. Lilikuwa jina zuri. Ni jina ambalo kwetu hupewa mtoto aliyekuja wakati wa kuvuna.

Na nilimzaa wakati wa kuvuna.

Nikairudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena, mpaka nikawa nalo. Mara ya nne nikasikia na kilichofuata. Mama mkwe akishasema "msalimu baba yako" anangoja. Hazungumzi juu ya kimya kile, hacheki, hamwiti mwingine. Anangoja kama mtu anavyomngojea mtoto mwenye aibu. Nikaongeza kitasa. Mchirizo ukajaa nyumba nzima. Ndani ya mchirizo, karibu sana na redio, karibu kuliko mama mkwe mwenyewe, mtu alivuta pumzi, fupi, ya mtu mdogo anayetaka kuongea. Tiki. Na mzee wangu, kwa nguvu mpaka spika zikatetemeka, akamtaja mama yake.

Alibonyeza pale. Kwa kidole chake mwenyewe, akiwa peke yake chumbani, aliacha mpaka ile pumzi, hakuacha zaidi. Sijui alikuwa ameogopa kusikia, au alikuwa ameshasikia akataka mimi nisisikie.

Nikazima. Nikamuuliza binti yangu, ambaye siku ya kaseti ile alikuwa na miaka kama mitano, "Unaikumbuka siku ile bibi yako alipowasimamisha mbele ya redio?"

"Naikumbuka." Hakugeuka. Maharage yalikuwa yanateleza kwenye ungo.

"Alianza na nani?"

"Si alianza na mkubwa. Sisi tulingoja zamu zetu. Mimi nilikuwa wa mwisho, nilichoka miguu."

"Kaka yako wa Mwanza."

"Hapana mama. Yule wa mlangoni." Akapuliza makapi. "Bibi alikuwa anamwekea kisahani chake. Tulidhani wewe unajua. Ila alisema tusimtaje mbele yako, utalia."

"Alikuwaje?"

Akachambua konzi moja. "Mama, nilikuwa mtoto. Watoto wanaona vitu. Usiniulize alikuwaje."

Sikumuuliza tena. Mama mkwe wangu, ambaye miaka ishirini nilimwona ni mwanamke mgumu, aliyemtoa mtoto mikononi mwangu bila kuniangalia usoni, alimpa jina. Alimlea kwa siri yake, akampa zamu. Sijui hata leo kama nimshukuru au nimwogope. Nadhani nafanya yote mawili.

Lakini jina lilikuwa limetamkwa na bibi yake tu, kwenye kaseti, kwa mtu aliye mbali. Mama hakuwa amelitamka mlangoni. Nikainuka. Nilisimama nyuma ya binti yangu, nikiwa ndani bado, nikitazama ule ukungu, mikono nimeishika kama mtu aliyebeba, maana sikujua niiweke vipi vinginevyo. Nikamwita mara ya kwanza, sauti haikutoka vizuri. Mara ya pili ikatoka. Mara ya tatu nililivuta lile neno la mwisho, bila kukusudia, kama alivyolivuta mama mkwe.

Binti yangu hakuniangalia. Aliinua ungo akauweka mapajani, akakunja miguu yake upande, kama unavyofanya ukikaa mlangoni na mtu anataka kupita. Akangoja kidogo. Kisha akainyoosha tena, akaendelea kuchambua.

Nikatafuta kalamu. Nikawaandika marehemu wetu kwenye karatasi ya jumuiya kama kaseti inavyowataja, na jina lile nikaliweka pale pale mzee wangu alipolipangia, chini ya mdogo wake aliyezama na juu ya mama yake. Mwandiko wangu si mzuri, nikaliandika kwa herufi kubwa ili mwenyekiti asikwame. Nilipomaliza nikasoma karatasi yote kwa sauti, kujaribu. Kwa kila jina binti alijibu kutoka mlangoni, "apumzike kwa amani." Nilipofika kwa mwanangu hakujibu.

"Mbona hujibu?" nikamuuliza.

"Huyu usimwombee apumzike kwanza, mama," akasema. "Ndiyo kwanza amefika."